Geisha Katika Kinywa cha Mgeni

Kwa wakazi wengi wa Kericho na Bomet, kama ilivyo kwa Wakenya wengine, Geisha ni sabuni ya kuogea. Ajuaye zaidi ya hapo aghalabu amejulishwa na filamu moja, Memoirs of a Geisha, iliyoongozwa na Mmarekani Rob Marshall na kutolewa mwaka wa 2005. Filamu hiyo haijasahaulika miongoni mwa wanafunzi wetu, na kila niwaulizapo geisha ni nani, jibu huja upesi: ni kahaba wa Kijapani aliyepambwa vizuri.

Jibu hilo si la kweli, ingawa hawakulibuni wao. Katika Kijapani neno lenyewe lina sehemu mbili: gei, yaani sanaa, na sha, yaani mtu. Kiswahili kinalo neno lake tayari, nalo ni msanii. Kule Kyoto wenyewe husema geiko, na mwanagenzi wake huitwa maiko. Mwanamke huyo hufunzwa kwa miaka kucheza, kuimba, kupiga shamisen, ambayo ni ala ya nyuzi tatu, na kuandaa chai kwa taratibu zake. (Sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai, tunaoichemsha pamoja na maziwa na sukari katika sufuria moja, tungestaajabu kuona jinsi kikombe kimoja kinavyoweza kusomewa.) Zaidi ya yote hufunzwa kuzungumza. Ufasaha wake, katika lahaja ya Kyoto, ni sehemu ya ufundi wake sawa na ngoma.

Filamu ilitokana na riwaya ya Arthur Golden, Mmarekani pia, iliyochapishwa mwaka wa 1997. Humo binti wa mvuvi anauzwa, anateswa, na hatimaye ubikira wake unapigiwa mnada. Ili kuiandika, Golden alimhoji Mineko Iwasaki, aliyekuwa geiko mashuhuri wa mtaa wa Gion. Riwaya ilipotoka, jina la mama huyo lilikuwamo katika shukrani. Iwasaki alisema kwamba aliahidiwa kusitiriwa, na akakana kwamba mnada wa aina ile ulimpata. Mwaka wa 2001 alimshtaki mwandishi na mchapishaji katika mahakama ya New York. Mwaka wa 2003 wakapatana. Mwaka wa 2002 alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe kuhusu maisha yake. Lakini filamu ilipokuja miaka miwili baada ya mapatano, mnada ulikuwa ungalimo, nao ndio wanafunzi wangu wanaoukumbuka.

Wengi walizilalamikia nyuso. Waigizaji wakuu, Zhang Ziyi na Gong Li, ni Wachina, naye Michelle Yeoh ni wa Malaysia. Wajapani wengi walinung'unika, na mwaka wa 2006 China ikazuia filamu isionyeshwe. Mimi, kwa ajili ya kazi yangu, nazilalamikia ndimi. Wajapani wa miaka ya 1930, wakiwa nyumbani mwao, wanazungumza wao kwa wao kwa Kiingereza, tena Kiingereza chenye lafudhi ya kigeni. Ugeni huo umetoka wapi? Mwanamke aliye kwao hana lafudhi ya kigeni. Aliyefunzwa ufasaha tangu utotoni anasikika kama mtu anayepapasa maneno gizani, na mtazamaji, bila kujua, anampunguzia akili.

Nitaambiwa kwamba msanii ana uhuru wa kubuni. Anao. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis huko Kapkatet wakimwimba Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani aliyekuwa akisikika katika santuri. Kwa maelezo ya Tracey, walimfanya kiumbe nusu mtu, nusu paa. Ni ubunifu mzuri ajabu! Lakini wasichana wale hawakumhoji Rodgers, hawakumwahidi siri, wala hakuna Mmarekani aliyeshawishika kwamba Rodgers alikuwa na kwato. Golden alikuwa na mhojiwa aliye hai na wasomaji waliomwamini.

Nayasema haya kwa kuwa sisi nasi tuna geisha wetu, aliyechorwa na wageni: yule mwanamke mwenye kikapu mgongoni, anayetabasamu katika matangazo ya majani chai. Hasemi neno. Mnamo Februari 2023 BBC ilionyesha filamu ya uchunguzi kuhusu mashamba ya chai ya Kericho, ambamo zaidi ya wanawake 70 walieleza kuwa walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwandishi aliyeingia mashambani kwa kujifanya mtafuta kazi alipewa jina la kubuni ili alindwe. Bunge la Taifa likaagiza kamati yake ichunguze. Picha ya tabasamu ilikuwa imedumu miongo mingi. Sauti zenyewe zilipotoka, hazikufanana nayo hata kidogo.

Wengi wa wanafunzi wetu ni watoto wa wanawake hao, na siku hizi Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu linawapa nafasi ya kutengeneza filamu zao wenyewe. Nimesoma miswada kadhaa. Mchuna chai hutokea mara nyingi, na mara nyingi huzungumza Kiingereza kilichovunjika, chenye lafudhi nzito ya Kikalenjin, ili ukumbi ucheke. Mama anayeweza kusuluhisha ugomvi wa koo mbili kwa Kikipsigis safi anageuzwa kichekesho katika lugha ambayo hajawahi kuitumia jikoni kwake. Hilo silo lile lile alilofanyiwa geisha, tena safari hii na mwanawe?

Walimu wanaoongoza vikundi hivi wana mfano karibu. Shaaban Robert alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, aliuandika kwa Kiswahili, lugha ile ile ambayo Siti aliimbia, na hakuna ukurasa unaomfanya Siti mgeni kwao. Basi mchuna chai na azungumze Kikipsigis katika filamu, au Kiswahili kile anachozungumza na jirani yake Mkisii au Mluo, na tafsiri iandikwe chini ya picha. Kama kisa ni cha mtu aliye hai, aombwe ruhusa, aulizwe kama jina lake litajwe, na asomewe muswada kabla kamera haijawashwa. Akisema sehemu fulani si kweli, ifutwe. Likizo ya Novemba na Desemba ni ndefu ya kutosha kwa kazi hiyo.