Kiberiti, penseli na zebaki ya Rwamagasa

KUTOKA USUKUMANI
Na Kulwa Masanja

Mwaka 1999 Kevin Clark na wenzake wa Marekani walichapisha utafiti uliofanyika kwa wagonjwa wa kifafa waliopandikizwa kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni hadi tumboni. Wagonjwa walisoma, kisha neva ikapitishiwa umeme mdogo. Umeme ulipokuwa wa kiwango cha wastani, waliyatambua vizuri zaidi maneno waliyoyasoma.

Mwaka huohuo Daktari Masazumi Harada wa Japani, aliyetumia maisha yake kwa wagonjwa wa zebaki wa Minamata, alichapisha na wenzake uchunguzi wa nywele na afya za wachimbaji na wavuvi wa Ziwa Victoria. Wenzetu walikuwa wanatafuta namna ya kuipa kumbukumbu nguvu. Sisi tulikuwa tunapimwa sumu inayoiua.

Mtu wa Geita au Kahama haelezwi kazi hii ya kutoa dhahabu kwa zebaki. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inakamata dhahabu, donge linachomwa juu ya mkaa. Nimemwona mama akilichoma kwenye jiko alilotoka kuivishia uji, mtoto mgongoni. Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, sehemu kubwa huingia kwenye damu na kupenya hadi kwenye ubongo. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu husahau alichotumwa. Majirani watasema pombe. Wengine watasema karogwa, na huku kwetu tunajua neno hilo limewafikisha wapi vikongwe wasio na hatia.

Mwaka 2003, chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, madaktari akiwemo Stephan Bose-O'Reilly wa Ujerumani walipima watu zaidi ya 200 wa Rwamagasa na Katoro, huko Geita. Wachomaji wa Rwamagasa ndio waliokutwa na hali mbaya, na baadhi yao walithibitika kuwa na sumu mwilini.

Kinachonigusa ni vifaa walivyotumia. Damu, mkojo na nywele vilihitaji maabara, ndiyo. Lakini neva zilipimwa hivi: rudia tarakimu nilizokutajia, rudisha njiti hizi kwenye kiberiti, nahesabu muda, gonga karatasi kwa penseli haraka uwezavyo. Basi. Kiberiti na penseli! Ni zahanati gani ya Nyarugusu au Bulyanhulu itakosa hivyo?

Vipimo hivyo peke yake havithibitishi zebaki. Vikirudiwa kila mwaka na kuandikwa kwenye daftari, vitamwonyesha mganga nani anaporomoka na nani apelekwe hospitali mapema. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na mkataba huo unazitaka nchi zenye uchimbaji mdogo ziwe na mkakati wa afya kwa wanaoguswa na zebaki. Waganga wakuu wa Geita na Shinyanga, anzeni na hili. Halisubiri mfadhili.

Nawe msomaji, kama mzazi wako aliwahi kuchoma dhahabu na leo kikombe cha chai kinamtetemeka mkononi, mpeleke hospitali. Mwambie daktari kazi aliyoifanya na miaka aliyoifanya, hata asipokuuliza.