Pacha Aliyebaki Bado Ni Pacha

Kwa wakunga, wauguzi na madaktari wa wodi za watoto wachanga huko nyumbani,

Wazazi waliofiwa na pacha mchanga huomboleza huku wakilea. Mtoto mmoja amefariki, mwenzake yumo kwenye mashine ya joto, na yote hayo hutokea katika wodi ileile. Wazazi hao si wachache. Mapacha wengi huzaliwa njiti, na utafiti wa Christiaan Monden na Jeroen Smits uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Afrika kusini mwa Sahara, kati ya mwaka 2009 na 2014, pacha zaidi ya 200 katika kila 1,000 waliozaliwa hai hawakufikisha miaka mitano.

Huku Uingereza, watafiti wa Newcastle waliwahoji wazazi waliofiwa pamoja na wahudumu, kisha wakaandaa mwongozo na mafunzo yanayoitwa Butterfly Project. Somo la msingi ni kauli. Mhudumu anapotaka kufariji, neno linalomjia upesi ni "Shukuru Mungu, mmoja amebaki." Mzazi husikia kwamba aliyekufa hakuhesabiwa. Inafaa mhudumu aseme "Poleni sana", amtaje marehemu kwa jina, kisha anyamaze na kusikiliza. Aliyebaki huendelea kuitwa pacha, mdomoni na kwenye faili.

Somo la pili ni kumbukumbu. Wazazi huulizwa kama wangependa kumbeba marehemu, kuwapiga picha watoto wote wawili pamoja, au kuhifadhi alama ya nyayo. Anayekataa kwanza huulizwa tena kwa upole, wala halazimishwi, kwa kuwa mila na dini hutofautiana. Pale maziko yanapofanywa mapema, kama ilivyo kwa Waislamu, nafasi hiyo ni ya saa chache tu. Mama akibaki wodini na mtoto mgonjwa wakati wengine wako makaburini, anahitaji mtu wa kukaa naye saa hiyo.

Somo la tatu ni kupashana habari. Mwaka 2016, mama mmoja wa Uingereza aliyempoteza pacha mmoja aliambiwa na mzazi mwingine wodini, asiyejua yaliyotokea, kwamba ana bahati hana mapacha. Mama huyo akabuni alama ya kipepeo wa zambarau inayobandikwa kwenye kitanda cha aliyebaki, kwa ridhaa ya wazazi. Karatasi na kalamu ya rangi vinatosha, mradi kila mhudumu, hata wa usafi, ajue maana yake, na habari itajwe kila zamu inapokabidhiwa.

Somo la nne ni mwili wa mama. Maziwa yake hayasubiri msiba uishe. Aelekezwe jinsi ya kumkamulia aliyebaki, na aelezwe mapema kwamba kunyonyesha kunaweza kumliza.

Mwisho ni siku ya kuruhusiwa. Siku ya kuzaliwa itakuwa pia siku ya huzuni kila mwaka, na anayeitwa Kulwa atakuwa akiulizwa pacha wake, Doto, yuko wapi. Kwa hiyo kadi ya kliniki ionyeshe kwamba mtoto ni pacha aliyefiwa, ili muuguzi wa zahanati asianze kwa swali hilo. Wahudumu nao huumia. Msimamizi wa wodi atenge muda wa kuzungumza nao baada ya kila kifo.

Wasalaam,
kutoka Uingereza