Gari Linapojifungua

Katika gereji za Kitale na Bungoma siku hizi kumezuka ugonjwa wa magari ambao wazee wetu waliendesha Peugeot 504 miaka yote bila kuujua. Gari linakataa kujifunga. Mwenye gari huteremka, hutembea hatua kadhaa na ufunguo mfukoni akitarajia kusikia vitasa vinne vikijikaza kwa pamoja, na asisikie lolote. Au husikia mlio ule akaenda zake kwa raha, kisha akarudi na kukuta milango wazi. Aghalabu gari hilo ni la mwalimu, lililonunuliwa kwa mkopo wa chama cha akiba, nalo lilitoka Japani kupitia Mombasa likiwa tayari na umri wa miaka sita au saba, maadamu sheria ya Kenya huruhusu magari yaliyotumika ambayo hayajapitisha miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza.

Nimewasikiliza mafundi wa miji hiyo miwili pamoja na wateja wao kwa sikio la mwanaisimu, na nadiriki kusema kwamba sehemu kubwa ya hasara inayopatikana hapo haitokani na ujinga wa fundi wala uchakavu wa gari. Inatokana na kitenzi kimoja. Mteja husema, "Gari haifungi." Fundi huitikia, huchukua bisibisi, na kabla ya saa moja mlango wa dereva umevuliwa ngozi yake yote na mota ya kitasa imetangazwa kuwa imekufa. Mota nyingine hununuliwa, hutiwa, na gari bado "haifungi". Hakuna aliyemwuliza mteja alikusudia kufunga kupi.

Kitenzi funga tumekibebesha mzigo mzito mno. Tunafunga mlango kwa kuusukuma mpaka ukae mahali pake. Tunafunga mlango huo huo kwa ufunguo. Tunafunga kwa kubonyeza rimoti. Na gari nalo hujifunga lenyewe. Haya ni matendo manne, na kila moja lina chombo chake na kasoro yake. Lakini Kiswahili hakikuanza jana kushughulika na milango. Watu wa Mwambao waliotujengea milango ile ya nakshi walikuwa na kushindika, yaani kuurudisha mlango bila kutia komeo. Walikuwa na kukomea. Walitofautisha komeo, kitasa na kufuli. Ninapowauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza maana ya kushindika mlango, wengi hukisia kwamba ni mlango ulioshindwa. Tumewafundisha ngeli na viambishi, tukasahau kuwapa maneno yenyewe.

Kuhusu viambishi, pana kichekesho ambacho hakikwepeki. Gari likikomeka lenyewe tunasema limejifunga, na hakuna anayecheka. Likifunguka lenyewe je? Mteja mmoja alilalamika mbele yangu kwamba gari lake "limejifungua usiku", na kijana mwanagenzi akauliza kama mtoto ni wa kiume. Kicheko kile kilibeba somo. Alichotaka kusema mteja ni kwamba gari limefunguka, na baina ya kufunguliwa na mtu na kufunguka kwenyewe mna tofauti ya kesi ya polisi na waya mbovu.

Basi na tulichukue gari hilo tulikague kwa maneno yaliyo sawa.

Swali la kwanza: je, milango yote imeshindikwa vyema? Gari la aina hii halikubali kukomea likidhani kuna mlango uliobaki wazi. Ndani ya kila mlango mna swichi ndogo inayoliarifu gari kwamba mlango umekaa. Vumbi la Januari likiingia humo, au buti ikiachwa bila kubanwa sawasawa kwa sababu ya gunia la mahindi, gari hukataa, na linakataa kwa haki. Dalili yake ni taa ya ndani isiyozimika au picha ya mlango kwenye dashibodi. Tiba mara nyingi ni kusafisha na kubana upya, kazi isiyohitaji kuvua kitu.

Swali la pili: je, gari linaikomea milango kwa ufunguo wa chuma? Wengi hawajui kwamba ndani ya rimoti nyingi za siku hizi mmefichwa ufunguo mwembamba wa chuma, unaochomoka kwa kusukuma kidude kidogo cha pembeni. Ukiutia kwenye kitasa cha mlango wa dereva na milango yote ikakomeka, au ukibonyeza swichi ya ndani ikakomeka, basi mota zi hai na waya zi nzima. Ugonjwa uko katika mazungumzo baina ya rimoti na gari. Ikiwa milango mitatu inatii na mmoja unakaidi, hapo ndipo fundi ana haki ya kushika bisibisi: ama mota ya mlango huo imechoka, ama waya zimekatikia ndani ya ule mpira unaounganisha mlango na bodi, mahali zinapopindwa kila mlango unapofunguliwa, mwaka baada ya mwaka.

Mazungumzo hayo yana utaratibu unaomvutia mwanaisimu. Gari hutoa wito dhaifu usiofika mbali. Ufunguo ukiusikia hujibu kwa mawimbi ya redio, nao hujibu kwa tarakimu za siri zinazobadilika kila mara, ili mwizi aliyenasa jibu la leo asilitumie kesho. Betri ya ufunguo ikidhoofika, jibu huwa la mnong'ono. Dalili huonekana mapema: jana ulibonyeza ukiwa mlangoni pa darasa, leo lazima usimame ubavuni mwa gari. Betri yenyewe ni ile ya duara kama sarafu, ya volti 3, na kabla ya kumlipa mtu yeyote fedha za mota ni busara kuibadilisha. Ile kuukuu isitupwe kiholela uani. Mtoto mdogo akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, na hapo kinachotakiwa ni hospitali bila kuchelewa.

Kunong'ona huku ndiko huleta msiba wa pili. Gari lililo zima hukataa kukomea likiuhisi ufunguo umesahauliwa ndani. Hulia kwa kelele badala yake. Hii ndiyo maana mtu aliyeacha ufunguo wa akiba mkobani, kwenye kiti cha nyuma, anaweza kuhangaika nusu saa na gari lisilo na kasoro yoyote. Lakini betri ikiwa imechoka, au ufunguo ukiwa umelala pembeni mwa simu au kopo la chuma, gari huenda lisiuhisi, likajikomea na ufunguo ndani. Magari mengi pia yana desturi ya kujikomea upya iwapo yamefunguliwa kwa rimoti na hakuna mlango uliofunguliwa kwa takriban nusu dakika. Mama aliyemweka mtoto kitini, akatupa ufunguo kando yake na kuzunguka nyuma kufunga mwavuli, asiutegemee wema wa chombo. Ufunguo ukae mwilini mwake.

Kwa yale magari yanayojikomea mtu anapotembea kwenda zake, kama baadhi ya Mazda na Honda, kuna sababu nyingine rahisi kuliko zote: huenda kazi hiyo imezimwa. Ni jambo la hiari, na mwenye gari wa kwanza kule Japani huenda hakuipenda. Kuiwasha kunahitaji kuingia katika mipangilio ya gari, na hapa ndipo tunapogonga ukuta. Mipangilio imeandikwa kwa Kijapani. Kitabu cha gari, ikiwa kimekuja, ni cha Kijapani. Hata yule mwanamke anayesema nasi tunapowasha injini, ambaye abiria wengi huamini kwamba anatukaribisha, aghalabu anatuonya tu kwamba hatujatia kadi ya kulipia barabara kuu za nchi yake. Tunaendesha vyombo vinavyotusemesha kutwa, nasi tunaitikia kwa kuongeza sauti ya redio.

Jambo moja zaidi halihusu ubovu. Wapo wezi wanaovuruga mawimbi ya rimoti katika maegesho, wakitumia kifaa kidogo kinachopiga kelele katika masafa yale yale, hivyo kwamba mwenye gari hubonyeza, husikia anachotaka kusikia, huenda sokoni, na kumbe milango imeshindikwa tu. Kinga yake haihitaji umeme: shika mkono wa mlango uvute. Lakini katika magari yenye ufunguo wa kuhisi, mkono huo ukivutwa na mwenye ufunguo mfukoni huenda mlango ukafunguka kwa heshima, naye akadhani kitasa ni kibovu. Ampe mwenzake ufunguo, asimame mbali, kisha avute.

Nimeyaeleza haya yote bila kuazima sentensi ya Kiingereza, na sikusudii kujisifu. Nakusudia kuwajibu wenzangu wanaodai kila mara kwamba lugha ya ufundi haiwezi kuwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu chake cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na wala si lugha ya taifa pekee. Hata hivyo, kijana anayesomea umeme wa magari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, hurudi gerejini kufanya kazi kwa Kiswahili, na baina ya lugha hizo mbili hakuna aliyemjengea daraja. Matokeo yake ni kwamba anajua jina la kila chombo na hajui kumhoji mgonjwa wake. Daktari asiyeweza kuuliza "maumivu yako wapi, yalianza lini?" hatumpi kisu.

Wala sidai tubuni istilahi nzito nzito. Rimoti ni rimoti. Fundi wa Kanduyi amekwisha kuamua, na kamusi imfuate. Fyuzi, waya, mota na swichi ni maneno yetu sasa kama meza na kitabu. Tunachokosa ni vitenzi na utaratibu wa maswali, na hivyo viko ndani ya lugha vikitungoja. Shindika, komea, komeka, funguka, itika, hisi: kwa vitenzi hivyo sita mtu anaweza kueleza kasoro yoyote niliyoitaja hapa.

Walimu wa Kiswahili wana mlango wa kuingilia. Mtaala wetu una uandishi wa kiuamilifu, ambamo wanafunzi hutunga maelekezo na maagizo. Mwaka nenda mwaka rudi tunawaomba watuelekeze njia ya kwenda kwa mjomba au watupe resipe ya pilau. Pilau ni tamu, sikatai. Lakini sekondari msingi, daraja lililoanza mwaka 2023, lina somo la awali la ufundi kwa wanafunzi wale wale, na mwalimu wa somo hilo huenda anaketi meza ya pili katika ukumbi wa walimu. Wawili hao wakikubaliana, darasa zima linaweza kutolewa nje mpaka kwenye gari la mwalimu mkuu, kwa idhini yake, na kutakiwa kuandika ukurasa mmoja: gari hili halijifungi, niulize nini kwanza, na kila jibu linanipeleka wapi?

Nami ningependa zoezi lianze na ile betri ndogo yenyewe. Juu yake pameandikwa, mara nyingi, 2032. Mwulize mwanafunzi maana ya tarakimu hizo. Mbili za kwanza ni upana wake, milimita 20; mbili za mwisho ni unene, milimita 3.2. Akishaeleza hilo kwa sentensi mbili zinazoeleweka na mama muuza duka, mpe ukurasa uliobaki.