Mzee, Mgongo Huo Upimwe

Wanyamwezi walisifika kwa kubeba mizigo. Walitembea kwa miguu na pembe za ndovu, kutoka Ujiji kupita Tabora mpaka Bagamoyo. Labda ndiyo maana mzee wa huku akiumwa mgongo husema, "Ni kazi tu." Mara nyingi ni kweli. Lakini, ndugu msomaji, kama mzee huyo pia anakojoa kwa shida, au amekonda, asikae nyumbani. Huenda ni saratani ya tezi dume iliyokwisha fika kwenye mifupa. Hospitalini atapimwa damu, na kinyama kidogo cha tezi kitachunguzwa.

Tezi dume iko chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanamume anayo. Saratani yake hulishwa na homoni ya kiume, ambayo hutoka hasa katika korodani. Mwaka 1941 Daktari Charles Huggins wa Chicago, Marekani, alionyesha kwamba homoni hiyo ikipunguzwa, saratani hunywea. Mwaka 1966 alipewa Tuzo ya Nobel.

Homoni hupunguzwa kwa sindano, zinazorudiwa kila mwezi au kila miezi mitatu. Au hupunguzwa kwa upasuaji wa kuondoa korodani, mara moja tu.

Wanaume wakisikia upasuaji huo hukimbia. Wanaogopa kuchekwa kilabuni! Lakini sindano nazo huondoa hamu ya tendo la ndoa. Njia zote mbili huleta joto la ghafla mwilini na kudhoofisha mifupa. Sasa fikiria mkulima wa tumbaku wa Urambo au Sikonge. Nauli ikikosekana, sindano inapita, na homoni inarudi. Kwa mtu kama huyo, mimi naona upasuaji unafaa zaidi. Aulize bei ya sindano za mwaka mzima, kisha aamue na daktari, mkewe akiwapo.

Tiba hii haimalizi saratani. Huilaza, mara nyingi kwa miaka. Maumivu hupungua na mzee hupata usingizi. Ikiamka tena, zipo dawa nyingine, na mionzi ya kutuliza maumivu ya mifupa hutolewa Bugando, Mwanza, na Ocean Road, Dar es Salaam.

Lakini miguu ikianza kulegea au kufa ganzi, au mkojo ukiziba, msingoje gulio wala mavuno. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Huenda saratani imebana uti wa mgongo, na akichelewa anaweza asitembee tena.