Mbwa Anasema kwa Mwili

Mwezi uliopita tulizungumza juu ya kuku. Leo tuzungumze juu ya mbwa.

Mkulima wa Kisawasawa anajua faida ya mbwa. Mpunga ukianza kuiva, nguruwe mwitu huja usiku. Mwenye shamba hulala juu ya dungu. Mbwa hulala chini yake. Mtu akisinzia, mbwa anasikia. Anabweka, mtu anaamka, anapiga debe. Kazi hiyo wanaifanya wawili.

Je, ndugu msomaji, unaielewa lugha ya mwenzako huyo? Hana maneno. Anasema kwa mkia, kwa masikio, kwa macho na kwa manyoya ya mgongoni.

Wengi husema kwamba mbwa akitikisa mkia amefurahi. Si kila mara. Mkia ukilegea na kiuno kikacheza, amefurahi kweli. Mkia ukisimama juu na kutikisika kidogo kidogo, na mwili umekakamaa, anakuonya. Usimsogelee. Akifyata mkia na kulaza masikio nyuma, anaogopa. Mbwa mwenye hofu naye huuma, hasa akikosa njia ya kukimbilia. Mbwa anayepigwa kila siku hujifunza kwamba mkono wa mtu unaumiza. Halafu mtoto ananyoosha mkono ampapase!

Waambie watoto wasimguse mbwa anayekula, wala mbwa aliyezaa. Mbwa mgeni akiwajia, wasikimbie. Mbwa hufukuza kinachokimbia. Wasimame kimya, mikono chini, wasimkazie macho.

Ukimzoea mbwa wako, utaona upesi akibadilika. Mbwa mpole amekuwa mkali ghafla. Au mbwa mkali amekuwa mpole kupita kiasi. Sauti imekwaruza, udenda unamtoka, anatangatanga, anauma hata vijiti. Huenda ni kichaa cha mbwa. Usimshike. Waite watoto ndani, kisha mwarifu bwana mifugo.

Ugonjwa huu unazuilika. Kuanzia mwaka 2010, Serikali na Shirika la Afya Duniani waliendesha mpango wa kuchanja mbwa kusini mashariki mwa nchi, na mkoa wetu wa Morogoro ulikuwamo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini mbwa huzaa kila mwaka, na watoto wao hawana chanjo. Basi siku ya chanjo ikitangazwa, wapeleke wote, wakubwa na wadogo.

Mtu akiumwa na mbwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji mengi, dakika 15 nzima. Usipake majivu wala mafuta. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, aanze sindano. Usingoje mpaka aogope maji. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumponya. Hata mkwaruzo mdogo wa jino huoshwa hivyo hivyo, na mwenye mkwaruzo huo naye aende hospitali.