Programu ya kuandikia ni ya bure, lakini toleo jipya lisiokotwe popote

Mwanzoni mwa mwezi wa pili mwaka 2026, Don Ho, mtengenezaji wa programu ya Notepad++, alitangaza habari iliyowashtua watu wengi. Kuanzia mwezi wa sita 2025, wavamizi walikuwa wameingia kwenye seva za kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti ya programu hiyo. Baadhi ya watumiaji, waliochaguliwa na wavamizi hao, walipoomba toleo jipya walielekezwa kwenye seva nyingine na kupewa faili lenye sumu.

Habari hiyo inawagusa hata vijana wa Bukavu, Goma, Uvira na Lubumbashi wanaojifunza informatiki. Notepad++ ni ya bure tangu ilipotoka mwaka 2003. Faili lake la kusakinisha halifiki megabaiti 10, inakubali kwenye kompyuta ya zamani, wala haimdai mtu kadi ya benki. Inatia rangi maneno ya msimbo ili kosa lionekane haraka. Inatafuta neno moja ndani ya mafaili mengi kwa mara moja. Faili la Kifaransa ambalo herufi zake zenye alama zimegeuka kuwa vichekesho, inaweza kulirudisha katika hali nzuri. Na pale umeme wa SNEL unapokatika bila kuaga, kazi ambayo haijahifadhiwa haipotei yote, kwa kuwa programu inaweka nakala yake kila baada ya sekunde chache.

Kwa hiyo swali ni hili: baada ya tukio kama hilo, kijana afanye nini? Kuna majibu mawili ambayo ni rahisi kuyasikia, na yote mawili ni mabaya.

Jibu la kwanza linasema kwamba cha bure hakina usalama, heri kutafuta programu ya kulipia iliyovunjwa kufuli. Hapo watu wanachanganya mambo. Programu iliyovunjwa kufuli imepita mikononi mwa mtu asiyejulikana, na siku ikileta virusi hakuna atakayesimama kutangaza. Notepad++ ni ya bure, tena ni huru: msimbo wake uko wazi, kila mwenye ujuzi anaweza kuusoma. Katika tukio hili msimbo wenyewe haukuharibiwa. Kilichoharibiwa ni njia ya kuufikisha kwa watu, kama vile maji safi ya chemchemi yanavyochafuliwa na bomba bovu. Tena mwenye programu alieleza mbele ya watu wote kilichotokea, akahamisha tovuti yake mahali pengine.

Jibu la pili linasema kwamba usiguse matoleo mapya, baki na ulilonalo. Jibu hili lina mashabiki wengi kwa sababu megabaiti ni ghali. Lakini dawa yenyewe ililetwa na toleo jipya. Toleo 8.8.9, lililotoka mwezi wa kumi na mbili 2025, linakagua sahihi ya kidijitali ya faili lililopakuliwa kabla ya kukubali kulisakinisha. Anayebaki na toleo la mwaka juzi anabaki na mlango uleule uliotumiwa na wavamizi. Inafaa aende mwenyewe kwenye tovuti rasmi, achukue toleo la sasa kwa mkono, asiachie kazi hiyo kifaa cha zamani cha kujisasisha.

Tatizo la megabaiti ni la kweli, wala halitatuliwi kwa kumlaumu mwanafunzi. Visual Studio Code ya Microsoft, ambayo walimu wengi wanaipenda, ina faili la kusakinisha la karibu megabaiti 100 au zaidi, na kwa miaka mingi ilitoa toleo jipya kila mwezi. Darasa la watu 20 likipakua kila mmoja kivyake, pesa nyingi inateketea kwa kitu kilekile.

Lakini hapa ndipo uhuru wa programu unaposaidia. Leseni ya Notepad++ inaruhusu kila mtu kuinakili na kuigawa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kupakua kwa niaba ya darasa zima na kupitisha flashi, bila kuvunja sheria yoyote. Sharti ni moja: faili likaguliwe kabla ya kugawanywa. Kwenye Windows, amri ya certutil -hashfile, ikifuatwa na jina la faili na neno SHA256, inatoa namba ndefu. Namba hiyo ilinganishwe na ile iliyoandikwa kwenye tovuti rasmi, si ile iliyokuja kwenye flashi pamoja na faili. Herufi moja ikitofautiana, faili lifutwe.

Walimu nao wasiwafunge wanafunzi kwenye programu moja. Atom ya kampuni ya GitHub ilipendwa sana, ila tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili 2022 kampuni iliifunga. Kwa vile msimbo wake ulikuwa wazi, watu wengine waliuendeleza kwa jina la Pulsar. Visual Studio Code nayo, jinsi Microsoft inavyoigawa, inapeleka kwa kampuni taarifa za matumizi mpaka mtu azime mpangilio huo. Asiyetaka hayo anaweza kuchukua VSCodium, iliyojengwa kwa msimbo uleule bila taarifa hizo.

Na kuna Vim, ambayo ina undugu na eneo hili la Maziwa Makuu. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alifanya kazi ya kujitolea Kibaale, kusini mwa Uganda. Tangu hapo Vim ikifunguliwa inawaomba watumiaji wawasaidie watoto wa Uganda. Bram alifariki tarehe 3 mwezi wa nane 2023. Wenzake walishika kazi, na mwezi wa kwanza 2024 wakatoa toleo 9.1. Mwenye programu alikufa, programu ikabaki, maana kulikuwa na watu wa kuitunza.

Hilo ndilo linalokosekana katika shule nyingi na vyumba vya kompyuta vya hapa: mtu wa kutunza. Kila shule inayofundisha informatiki ingemteua mwalimu au mwanafunzi mmoja wa kufuatilia matoleo mapya, kuyapakua, kuyakagua na kuyagawa mara moja kwa mwezi. Kazi hiyo haidai mfadhili wala mradi. Inadai saa chache, megabaiti kidogo na flashi moja safi. Bila hivyo, siku mlango mwingine ukivunjwa, darasa zima litaingiliwa kwa pamoja, na kazi za muhula mzima kupotea, huku hakuna hata mmoja aliyejua kwamba dawa ilikwisha kutoka.