Barakoa irudi kwenye kazi yake

Ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita hauna sababu ya kuigombania barakoa. Kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ya Rwamgasa, Nyarugusu na Kahama watu hujifunga kitambaa puani wakiwa kazini, na hakuna anayewauliza wako upande gani. Vumbi wanaliona, na aliyelivuta kwa miaka wanamsikia akikohoa. Kitambaa hicho hicho kilipohitajika kanisani, msikitini, mnadani na ndani ya basi wakati wa korona, kiligeuzwa kipimo cha uzalendo na imani. Aliyekivaa aliitwa mwoga, asiyekivaa akaitwa mjinga. Mapafu yakasahauliwa.

Msimamo wetu ni huu: barakoa ni kifaa cha kinga, chenye mahali kinapofaa, mahali kisipofaa na aina zake. Mjadala wake uamuliwe kwa kuangalia hewa, mahali na ugonjwa wenyewe. Tena uamuliwe kukiwa na utulivu, kwa sababu mlipuko ukishaingia kila mtu anapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Tukumbuke tulikotoka. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020 na Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu. Shule zikafungwa, ndoo za maji na sabuni zikawekwa kwenye milango ya maduka. Mwanzoni mwa Mei takwimu za taifa zikasimama, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Tangu hapo, kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwananchi hakuwa na hesabu rasmi ya kumsaidia kujua hatari iko karibu au mbali. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na vilio tulivisikia.

Mengi ya kipindi hicho yalisemwa katika ardhi ya ukanda huu. Mei 3, 2020, akiwa Chato, Hayati Rais John Magufuli alitilia shaka vipimo vya Maabara ya Taifa, akieleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa kwa siri zilitoa majibu ya kuwa na korona. Juni akatangaza kwamba maombi yameiondoa korona nchini. Januari 27, 2021, akiwa tena Chato, alizitilia shaka chanjo na kuhimiza kujifukiza. Februari 21 mwaka huo, kanisani Oysterbay, Dar es Salaam, alisema serikali haijakataza barakoa, ila akawataka watu watumie zinazotengenezwa nchini. Siku nne kabla ya hapo alikuwa amefariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi kwamba anaugua korona.

Kwa watu wa Chato na Geita hapo palikuwa pagumu. Magufuli alikuwa mtoto wa nyumbani, mbunge wa eneo hilo kuanzia 1995 hadi alipogombea urais mwaka 2015. Wengi waliona kuvaa barakoa ni kumkana. Alifariki Machi 17, 2021 na kuzikwa Chato Machi 26. Mei mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na wazee wa Dar es Salaam akiwa amevaa barakoa, na Julai 28 akachanjwa hadharani. Baadhi ya maofisa waliokuwa wakiicheka barakoa wakaanza kuivaa mbele ya kamera na kuivua msafara ukiondoka. Utii ulikuwa ule ule, ila umeelekezwa kwingine. Mtu anayevaa kwa kumfuata mkubwa atavua kwa kumfuata mkubwa, na virusi havina habari na wakubwa.

Wanaoipinga barakoa wana hoja za kweli, na kuwadharau hakutawabadilisha. Ina joto. Inagharimu, hasa kwa familia inayohesabu hela ya unga. Kiziwi anayesoma midomo inamkatia mazungumzo. Juu ya yote, wataalamu wenyewe walibadilisha kauli: Shirika la Afya Duniani halikuwa likiwashauri watu wote wavae barakoa hadi Juni 5, 2020, lilipotoa mwongozo mpya wa kuivaa mahali pa umma penye maambukizi na ambapo kuachiana nafasi hakuwezekani. Mwananchi aliyeuliza kwa nini jana ilikuwa hapana na leo ni ndiyo alistahili kuelezwa kwamba ushahidi ulikuwa ukiongezeka. Badala yake alitishwa upande mmoja na kukejeliwa upande mwingine.

Ushahidi wenyewe unasemaje? Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Bangladesh, katika vijiji 600 vyenye watu wazima zaidi ya 300,000. Nusu ya vijiji viligawiwa barakoa bure, viongozi wa dini na wa vijiji wakatoa mfano, na waelimishaji wakawakumbusha watu sokoni na misikitini. Uvaaji ukapanda kutoka watu 13 hadi 42 katika kila 100. Maambukizi yenye dalili yalipungua kwa takribani asilimia 9 kwa jumla. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika vijiji vilivyogawiwa barakoa za hospitali, yalipungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa barakoa za kitambaa, matokeo hayakuwa bayana. Denmark nayo ilichunguza watu kama 6,000 na kupata tofauti ndogo mno isiyoweza kuthibitisha faida kwa mvaaji.

Tafsiri yake ni nyepesi. Barakoa haikuwa muujiza, wala haikuwa upuuzi. Ilisaidia kwa kiasi, iliwasaidia wazee zaidi, aina yake ilikuwa na uzito, na watu waliivaa kwa wingi pale walipopewa bure na kuonyeshwa mfano. Kumvalisha barakoa mkulima aliye peke yake katika shamba la pamba Kishapu ni kupoteza kitambaa. Kumwacha muuguzi wa zahanati, au mzee aliyebanwa kwenye basi la Kahama lenye madirisha yaliyofungwa, bila barakoa wakati ugonjwa wa hewa umesambaa ni uzembe.

Majirani zetu walikwenda njia tofauti. Kenya ilitunga kanuni Aprili 2020: asiyevaa barakoa mahali pa umma, faini hadi shilingi 20,000 za Kenya au kifungo hadi miezi sita. Uganda iliahidi barakoa za bure kwa kila mwenye umri wa miaka sita na kuendelea. Rwanda iliifanya lazima, na Mei 2020 madereva wa malori yanayopita Isaka kwenda Rusumo walijikuta wamekwama mpakani kwa sababu ya masharti mapya. Faini ya Kenya hatuitaki hapa. Adhabu inayozidi kipato cha maskini humfanya amwogope polisi kuliko ugonjwa, na hufungua mlango wa rushwa. Lakini ukimya wa kwetu nao haukuwa uhuru. Anayenyimwa taarifa hana cha kuchagulia.

Sasa turudi machimboni, maana huko barakoa inahitajika hata dunia ikiwa haina korona. Mwamba unaobeba dhahabu yetu una silika kwa wingi. Ukitobolewa au kusagwa ukiwa mkavu hutoa, ndani ya vumbi linaloonekana, chembe laini zisizoonekana, zinazoingia hadi ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu machimbo madogo ya dhahabu Tanzania ulikuta kwamba uchorongaji chini ya ardhi uliwaweka wachimbaji kwenye vumbi la silika zaidi ya mara 300 ya kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa Marekani. Vumbi hilo huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na humweka mtu kwenye hatari kubwa ya kupata kifua kikuu. Kifua kikuu hakibaki kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji. Mchimbaji hukipeleka kwenye chumba cha kupanga, kibanda cha mama ntilie, na mwisho nyumbani kwa mkewe na watoto.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengi hawalipendi: kitambaa au kanga iliyofungwa puani haitoshi kwa vumbi la silika. Huzuia chembe kubwa zinazokera na kuacha zile ndogo zinazoua. Kinachofaa ni barakoa yenye chujio, ya daraja la N95 au zaidi, inayobana uso bila kuacha mwanya, na inayobadilishwa inapochakaa. Kabla ya hiyo yatangulie maji: kuchoronga kwa maji, kulowesha mawe kabla ya kuyasaga, kusogeza karasha mbali na watu. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Kahama na Shinyanga kwa bomba, na penye bomba kisingizio cha ukavu wa Usukumani kinapungua nguvu.

Kwenye mialo ya kuoshea dhahabu hali ni nyingine. Anayechoma zebaki kwenye moto wa wazi akidhani barakoa ya vumbi inamlinda anajidanganya, kwani mvuke wa zebaki unapita. Dawa yake ni chombo kilichofungwa cha kunasa mvuke, kuchomea mbali na makazi, na kuwaondoa watoto na wajawazito kabisa. Anayewauzia wachimbaji barakoa ya karatasi kama kinga ya zebaki anawauzia uongo.

Milipuko nayo haiko mbali. Januari 20, 2025 Rais Samia alitangaza ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, jirani kabisa na Chato. Ulipotangazwa kuisha Machi 13, wagonjwa waliothibitishwa na waliohesabiwa kuwa nao walikuwa 10, na wote walikuwa wamefariki. Marburg huambukizwa hasa kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Hapo glavu, kutenga wagonjwa na mazishi salama vinatangulia, na barakoa ni sehemu tu ya vazi la mhudumu. Ndiyo maana hatutaki wimbo mmoja wa "vaeni barakoa" kwa kila ugonjwa. Wananchi waambiwe huu unapita wapi, na kinga yake ni ipi.

Tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, Tume ya Madini na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, waanze na makarasha. Sheria ya usalama kazini ipo tangu mwaka 2003. Mwenye karasha na mwenye leseni watoe maji na barakoa za chujio kwa gharama zao, na asiyetekeleza asimamishwe hadi atimize. Ukaguzi usiishie kwenye migodi mikubwa kama ya Geita na Bulyanhulu, yenye idara zake za usalama, huku wachimbaji wadogo wakiachiwa Mungu.

Pili, sehemu ya mapato ya dhahabu irudi kifuani mwa anayeichimba. Geita ina soko la dhahabu tangu mwaka 2019, na halmashauri za ukanda huu zinakusanya ushuru wa huduma. Zitenge fungu la kupima kifua kikuu huko huko machimboni, maana dawa zake ni bure lakini anayekohoa hawezi kuacha zamu yake kwenda kupanga foleni mjini.

Tatu, Wizara ya Afya itangaze sasa, kwa lugha inayoeleweka na kupitia redio za Geita, Kahama na Shinyanga, vigezo vya kuvaa barakoa ugonjwa wa hewa ukiingia: wapi, lini, aina gani, na lini tutaivua. Zahanati na magari ya abiria yatangulie, uwanja wa wazi usiguswe. Barakoa za bure zipelekwe kwanza kwa wazee, wagonjwa na wahudumu wa afya. Na takwimu zitolewe kila siku, ziwe nzuri au mbaya.

Nne, wanasiasa na viongozi wa dini waongoze kwa mfano, na maswali ya kitaalamu wawaachie wataalamu. Muumini anaweza kusali na kuvaa barakoa saa ile ile. Mwanachama wa chama chochote anaweza kumpenda marehemu Rais wake na bado akamlinda mama yake mzee.

Uaminifu hauwezi kuagizwa siku ya dharura. Ukanda huu una nafasi ya kuujenga kuanzia sasa, kwenye vumbi ambalo kila mtu analiona na halina wapinzani. Mchimbaji ambaye serikali na mwajiri wake walimjali kifua chake siku za kawaida atawasikiliza siku ya hatari. Ambaye walimwacha akohoe miaka yote, wakamkumbuka korona ilipotajwa, ana haki ya kuuliza wanamlinda yeye au wanailinda dhahabu.